"Hakuna kimbunga"

Semeni,

Uji wa watoto umo kwenye chupa. Saa tatu soma kipimamvua, uandike milimita daftarini.

Asubuhi uliposema shikamoo sikuitika, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusikia habari ya mumeo. Jana Ahmada aliniuliza kama avuke na boti, nikamjibu: "Hakuna kimbunga." Jibu lilikuwa sahihi. Vipimo vya kundi letu la kufuatilia hali ya hewa vilionyesha upepo mkali, usiofikia kimbunga. Yeye akaelewa kwamba bahari ni shwari.

~~Atakuwa amefika.~~ Hajafika. Mama yake amepiga simu kutoka Wete.

Naenda bandarini kuuliza. Watu watasema alikuwa mkaidi. Usiwakubalie. Aliniuliza kwanza, akanisikiliza.

Baba yako