Kosa Alilolikiri Mjomba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakuombea barua hii ikukute umeketi, na uvimbe wa mguu umepungua. Baba naye mpe shikamoo yangu, umwambie dawa ya kifua si mchuzi wa kuonjaonja. Mimi mwili ni mzima. Naandika saa ya chakula cha mchana, mlango wa ofisi nimeufunga kwa ufunguo, wenzangu wakidhani nimetoka kula.

Barua yako niliipata wiki iliyopita. Umeniuliza jambo moja tu: ni kweli kaka yako aliificha barua ya daktari ili yule binti acheze? Umesema huko watu wamekwisha kumhukumu, nawe unataka kusikia kutoka kwangu niliye karibu. Nisamehe kwa kuchelewa. Jibu hili nimelianza mara nne.

Mjomba unamjua, ila hujawahi kumwona uwanjani. Akifunga kibanda chake cha kushona viatu, vidole bado vina gundi, anakuja kufundisha mabinti mpira wa wavu, kama alivyonifundisha mimi nikiwa na umri wao. Mipira iliyochanika anaishona mwenyewe. Wanaanza kwa sala fupi, maana anasema Mungu si kiziwi. Kisha kuna sheria yake moja: mpira ukikugusa hata ncha ya ukucha ukatoka nje, nyoosha mkono, refa asipoona Mungu ameona. Mwaka jana walipoteza fainali kwa pointi moja kwa sababu ya mkono huo. Aliyeunyoosha ndiye binti huyu, tuliyemwita Springi kwa jinsi alivyoruka. Wazazi walinuna. Mkuu wetu wa ofisi ya michezo akamkejeli mjomba mbele ya watu, eti ile ni timu au darasa la toba? Mjomba akacheka, akamjibu kwamba wameshinda, ila ubao wa matokeo haujapata habari. Springi alikuwa analia. Akamwambia alie mpaka amalize, kisha amwonyeshe mtu mwingine pale uwanjani atakayelala usingizi mzuri kama wake.

Mwaka huu, Jumamosi ya mechi ya kwanza, Springi aliruka kwenye wavu, akatua kwa miguu miwili, akakaa chini. Wenzake wakacheka, wakidhani anafunga kamba za viatu. Hakuinuka. Mjomba alimbeba mikononi hadi barabarani, akasimamisha lori la mchanga. Walipofika hospitali alikuwa amekwisha kukata roho. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Siku ya tatu mama yake, ambaye ni mshonaji wa nguo, alikuja ofisini. Alisema daktari aliandika kwamba moyo wa mwanawe una hitilafu, asiruke wala asikimbie mpaka apimwe tena. Hakutaka kumtisha mtoto, kwa hiyo alimwambia tu kwamba mwalimu ndiye atakayempanga. Barua aliileta ofisini mwenyewe, Alhamisi kabla ya mechi. Mkuu akauliza ilikwenda wapi, akajibiwa kwamba alikabidhiwa mwalimu mkononi. Basi. Tangu hapo mji mzima una jibu: mzee amechoka kushindwa, amemtoa mtoto wa watu kafara kwa ajili ya kikombe. Kibandani kwake haipelekwi hata kandambili. Wazazi wamewaondoa mabinti zao kwenye timu.

Siku ya kwanza ya kuulizwa mjomba aliapa kwamba hajaiona. Ndipo akatajiwa aliyesema amemkabidhi. Kisha akasema kwamba kama ni huyo, basi ni kweli, huenda uzee umemwingia akaisahau. Amepekua kibanda chote. Amechana hata bitana ya lile koti lake la kijivu. Sasa anaomba msamaha kwa dhambi asiyoikumbuka. Alikwenda kwa mshonaji akapiga magoti, naye akafungiwa mlango. Jumatatu atasimama mbele ya kamati ya michezo, polisi wakiwepo, na amekwisha kusema kwamba atakiri.

Mama, aliyetajwa ni mimi.

Alhamisi ile ilikuwa saa kumi kasorobo. Orodha ya wachezaji nilikuwa nimeipiga muhuri kwamba wote wanafaa kucheza. Kumtoa mmoja kulitaka orodha nzima ichapwe upya na mkuu aisaini, na asubuhi hiyo hiyo mkuu alikuwa amenifokea kwa kosa la orodha nyingine, akaniambia nikikosea tena nikatafute kazi ya kuchota maji. Nikamwambia mshonaji aende kwa amani, mwalimu nitamwambia. Barua nikaitia kwenye droo. Nilipanga kumpitia mjomba kibandani nikirudi nyumbani. Mvua ikanyesha, nikaenda nyumbani moja kwa moja. Ijumaa nikasahau. Hakuna zaidi ya hapo, mama. Natamani ingekuwepo sababu kubwa zaidi.

Mkuu aliponiuliza, ulimi ulitangulia. Hauna mfupa.

Juzi nilikwenda kwa mjomba nimweleze. Kabla sijafungua mdomo akaniambia mimi mpwa wake nisijilaumu kwa kusema ukweli juu yake, maana hivyo ndivyo alivyotulea uwanjani. Nikanywa chai yake, nikaaga.

Barua ya daktari imo ndani ya bahasha hii. Mara mbili nimeishika pamoja na kiberiti. Ikibaki kwangu haitafika Jumatatu, ndiyo maana namkabidhi dereva wa basi la leo akuletee.

Nataka kusimama niseme kweli. Maneno nimeyapanga. Lakini najijua, mama. Mimi ni mwoga, na mkuu atakuwa ameketi mbele yangu. Kwa hiyo panda basi Jumapili, hata kama mguu unauma. Keti karibu na kaka yako. Nikisema kweli, mrudishie mshonaji barua yake. Nikisema uongo tena, simama uwasomee zote mbili, ya daktari na hii, wala usinitazame usoni mpaka umalize.

Baba mwambie wewe, mimi sitaweza. Wadogo zangu wasalimie, waambie dada yao ana kazi nyingi.

Ni mimi, mwanao wa kwanza.