Makaa Juu ya Mfuniko wa Kioo

Nassor sasa hivi kachovya mkono mzima ndani ya bakuli la uji, kajipaka kichwani, kisha kanitazama kama anayengoja kusifiwa. Nikamsifu. Leo sina nguvu za kugombana na mtu, hata huyu wa mwaka mmoja na miezi minane.

Jumapili, saa tatu asubuhi. Mawingu yametanda tangu alfajiri lakini mvua yenyewe haishuki, na joto linanata shingoni. Nnaandika kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za juu. Chini, uani, mama mkwe wangu Bi Zuhura anapeta mchele, nnausikia ungo. Asubuhi nimemwambia shikamoo, kaniitikia marahaba, na hapo ndipo maneno yetu yalipokwisha.

Nshachoka. Tena si uchovu wa mwili.

Nieleze toka mwanzo, maana nikikaa nayo moyoni nitapasuka. Miezi miwili hii nnauza vyombo vya kupikia vya kampuni moja ya Dar. Si dukani. Unaita watu nyumbani, unapika mbele yao, wanaona, wanaonja, anayependa anaagiza. Sufuria zenyewe nzuri, hazishiki chakula, na mfuniko wake wa kioo, unaona kinavyochemka bila ya kufunua. Jana ulikuwa mtihani wangu. Dada Rehema, msimamizi wetu, alivuka kwa boti kuja Unguja kunitazama nikiendesha onyesho peke yangu. Nikifaulu, nnakabidhiwa mji wote niuuzie miye. Nikishindwa, vyombo vinarudi Dar na miye nnarudi Jambiani kufua mashuka ya hoteli.

Kufua hakunitishi. Nimefua tangu nilipoacha skuli kidato cha pili. Kinachonitisha ni kwamba kule nilikuwa nikilala hukohuko, mjini nnakuja siku moja kwa wiki. Ikawa siku moja nimefika mlangoni na mfuko wangu, nimenyoosha mikono, Nassor kageuza uso, kajibana shingoni kwa bibi yake, analia. Alikuwa hanijui. Hanijui miye.

Sirudi.

Basi, onyesho. Tulifundishwa tualike watu kumi na tano, wasizidi, ili kila mmoja aone ndani ya sufuria na apate kijiko cha kuonja. Nikamwomba mama mkwe aniambie majirani, kwa sababu miye mtaa huu ni wa kuolewa tu, yeye kazaliwa hapa. Sikujua nimejipalilia nini. Mama aliona haya. Tangu azaliwe hajamwita mtu nyumbani kwake ili amuuzie kitu, na hakuweza kulitamka neno kuuza. Akapita nyumba hadi nyumba anawaambia, "Jumamosi baada ya adhuhuri kuna kijishughuli kwa mkwe wangu, msikose."

Kijishughuli.

Saa nane wamekuja watano. Saa nane na nusu sikuweza tena kuhesabu. Viatu vimeanzia mlangoni kwetu vimeishia barazani kwa jirani. Mabuibui yakivuliwa, ndani madira mapya, hina mbichi, harufu ya udi ukumbi mzima. Bi Mwanakhamis, jirani yetu wa nyumba ya pili, kanibusu huku na huku, kanitilia mikononi doti ya kanga, kasema, "Mungu amkuze." Mwengine kaleta pampasi. Mwengine kilo mbili za sukari. Walidhani ni shughuli ya Nassor, sherehe ya mtoto.

Sasa mtu kakuletea kanga mpya, imekunjwa vizuri, bado ina harufu ya duka. Utamgeukiaje umwambie atie na oda ya sufuria?

Nikamtafuta mama kwa macho. Yuko katikati ya ukumbi anapokea wageni, kajitanda kanga yake nzuri, uso unang'aa. Nilitaka kulia.

Dada Rehema alikuwa amesimama pembeni na simu yake, anarikodi, anatabasamu. Aliona watu tu. Hakujua kwamba hakuna hata mmoja aliyekuja kununua.

Nikaanza hivyo hivyo. Meza mbele, jiko la gesi, sufuria moja ya wali, kikaango kimoja cha kuku. Hotuba nimeikariri wiki nzima nikimwogesha mtoto. Sijafika mbali, sauti ikatoka nyuma, "Mama Nassor, wote hawa unatupikia kwa hicho kijisufuria?"

Mwengine akamjibu, "Hebu nyamaza. Hicho cha kuonjea chumvi. Chakula kinakuja."

Ukumbi mzima ukacheka. Na miye nikacheka, kwa meno tu.

Kisha Bi Mwanakhamis, ambaye huwa hasemi ovyo, akauliza, "Na wali wako, mwanangu, utaupaliaje na mfuniko wa kioo?"

Kwetu wali ukikaribia kukauka unatiwa makaa juu ya mfuniko, unapata moto wa juu na wa chini, ndiyo kuupalia huko, na hapo ndipo unapoiva. Kila nyumba inafanya. Miye mwenyewe nnafanya kila siku ya Mungu. Lakini hotuba ilishasema nijibu nini.

"Hii haitaki kupaliwa, Bi Mwanakhamis. Mvuke wake unatosha."

"Mvuke."

"Naam."

"Haya."

Hiyo haya ilikuwa fupi, na wote waliisikia.

Hapa niseme ukweli, kwa kuwa huku mtandaoni hakuna anayenijua. Kuku kwenye vyombo hivi anatoka vizuri. Mayai ndiyo usiseme. Lakini wali sijawahi hata mara moja kuupika ukaiva sawasawa. Juu unabaki na kiini. Kila nilipojaribu nilijiambia labda ni mkono wangu, labda maji, labda mchele. Jana nikausifia mvuke mbele ya mtaa mzima huku nikijua.

Katikati ya hapo Nassor akaanza kilio cha usingizi. Nikapunguza moto, nikamwambia Dada Rehema dakika kumi tu, nikaingia chumbani. Nikasikia huko nje sauti zinahama, watu wanateremka uani, vyuma vinagongana. Kumbe walikuwa washatoa masufuria makubwa ya mtaa, yale ya harusi na khitma, wanapanga mafiga. Wameona mwenye shughuli kazidiwa, wameamua kumstiri. Ndivyo walivyo. Huwezi hata kuwakasirikia, na miye nilikuwa nshakasirika.

Nikatoka na mtoto begani. Sufuria yangu haipo mezani.

Nikaiona uani. Mama kaiteleka juu ya jiko la makaa, kainama, na koleo mkononi. Juu ya mfuniko wa kioo makaa mekundu yamepangwa vizuri, duara, kama anavyoyapanga kila siku. Nikafungua mdomo niseme.

Kioo hakikupasuka, kilimwagika. Mlio kama mtu kaangusha kabati la glasi, kisha mfuniko wote ukawa chenga, chenga na makaa na majivu vimezama ndani ya wali, moshi unatoka. Watoto wakapiga kelele. Nassor alishtuka akaning'ata bega. Na Dada Rehema simu yake iko juu, hajaishusha.

Wiki mbili tulifundishwa kusema kioo kinahimili moto.

Nikasema. Nilisema maneno ambayo hata kuyaandika nnaona haya. Nilisema, "Mama, nani kakutuma? Nani kakwambia uguse? Kwanza umenijazia watu, sasa umenivunjia kazi. Mambo yako ya kizamani ungebaki nayo mwenyewe." Mbele ya wanawake aliocheza nao utotoni. Mbele ya waliomletea mjukuu wake pampasi.

Aliliweka koleo chini taratibu, akapangusa majivu kwa upindo wa ile kanga yake nzuri, akaingia ndani.

Bi Mwanakhamis aliniambia, bila ya kupandisha sauti, "Mama Nassor, huyo ni mama."

Basi. Wengine wakaendelea kukata vitunguu.

Pilau likapikwa kwenye masufuria makubwa, watu wakala, wakasifia, wakaomba dua. Dada Rehema kakaa mkekani kala sahani mbili. Hakuna aliyeagiza hata kijiko cha mbao. Wakati wa kuaga kila mtu alinishukuru kwa shughuli nzuri. Dada Rehema akasema tu, "Nitakupigia," akaenda kuwahi boti ya jioni.

Walipokwisha kuondoka wote nikaenda kuimwaga ile sufuria. Pembeni kulikuwa na wali ambao kioo hakikuufikia. Nikachukua punje, nikaibinya kwa vidole.

Kiini. Kigumu kabisa.

Hapo ndipo nilipofahamu alichokiona mama nilipokuwa chumbani. Alifunua, akaonja, akakuta mkwe wake anataka kuwapa watu wali mbichi, watu aliowaalika yeye kwa mdomo wake. Akafanya ambalo mama yeyote wa hapa angelifanya. Alikuwa ananifichia aibu, na miye nikamtia aibu hadharani.

Nilikaa na sufuria mapajani, mikono inanuka masizi. Nilikwenda hadi mlangoni kwake. Sikubisha.

Saa mbili hii Dada Rehema kapiga. Nilipokea nimeshajiandaa kuambiwa nifunge vyombo. Hakuanza na hayo.

"Mama Nassor, hebu nikuulize. Huko kila mtu anaweka mkaa juu?"

"Kila mtu, dada."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza."

Akacheka, si cheko la furaha. Kasema mwaka mzima anakuja Unguja, wanawake wanazishika sufuria, wanazigonga, wanasema nzuri, tutakuja, hawaji. Alidhani bei. Kasema stoo ya Dar kuna mifuniko ya chuma ya saizi zilezile, waliiweka kando kwa kuiona ya kizamani. Atajaribu kuiomba. Kisha kasema nifanye onyesho jengine Jumamosi ijayo, kwa shangazi yangu Chukwani, nje kidogo ya mji, ambako nilikuwa nshapanga onyesho la pili, watu wajue kabisa wanakuja kuuziwa, na akiona oda hata chache, mji ni wangu.

Nilikuwa nshaanza kusema alhamdulillahi. Akaongeza.

"Lakini na yule bibi aje. Asimame mbele yeye, na wali aupike yeye. Nimeitazama ile video mara tatu. Watu wote wanamwangalia yeye. Wewe hakuna anayekuangalia. Samahani, lakini ndivyo. Bila yeye siwezi kukupa mji."

Nikasema sawa, dada. Ningesema nini?

Nilipokata simu niliitupa kitandani. Wiki nzima nimekariri mpaka nnaota. Nimefunga mtandio vizuri, nimepiga meza kitambaa, nimesimama kwa miguu miwili mbele ya umati, na anayetakiwa ni aliyevunja mfuniko. Niliona kijicho, nasema kweli. Nikamwonea kijicho mwanamke wa miaka sitini na tatu kwa sababu anajua kupanga makaa.

Halafu kijicho kikaisha nikabaki na hofu, maana lililobaki ndilo gumu. Mtu aliyeshindwa kulitamka neno kuuza kwa jirani yake, nimwambie asimame Chukwani mbele ya watu asiowajua awauzie. Na anayekwenda kumwomba ni miye niliyemwambia abaki na mambo yake ya kizamani. Angekataa ningemlaumu? Akikataa mwezi huu hauishi nitakuwa Jambiani, na Nassor atakua hapa chini, na siku moja kwa wiki atatazama mlangoni ajiulize nani huyu.

Nimejaribu kuyaandika maneno ya kumwambia hapa nikayafuta. Ya kwanza yalikuwa kama hotuba ya kampuni. Ya pili nilianza na kazi, nikaona nitakuwa nnamwomba msamaha kwa kuwa nna haja naye. Hilo atalijua kabla sijakaa. Yeye si mjinga, ni mpole.

Kwa hiyo leo ya kazi siyatii. Leo ni samahani peke yake. Ya Chukwani yatangoja hata kesho, hata keshokutwa, hata kama Dada Rehema atanipigia kila saa. Akinisamehe na bado akakataa, basi kakataa.

Moyo unanidunda kama siku niliyoposwa.

Ungo umenyamaza. Ananiita, "Mama Nassor!" Nimeitika naam, mama. Sijui anataka nini, na sauti yake siwezi kuisoma kutoka huku juu, lakini nnashuka, nitakaa chini karibu yake, na kabla hajanituma kitu nitamwambia kwamba wali ulikuwa na kiini kweli, kwamba nilikuwa nikijua tangu mwanzo, na kwamba jana miye ndiye niliye

Ananiita tena, nnashuka.