Kiapo cha Mumbua

Machakos,
19 Agosti 2004

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Ramadhan,

Shikamoo baba. Nakuandikia nikiwa mzima, Ramzi ni mzima, na mama mkwe bado analalamika, kwa hiyo naye ni mzima. Ninalotaka kujua ni hali yako wewe. Goti limepungua kuuma? Na ile dawa ya macho unaitia kila siku, au umeiweka dirishani wageni waione? Huku baridi imetushika sawasawa. Mimi mtu wa Tanga navaa sweta mbili na bado nacheka meno yakigongana.

Katika barua yako umeniuliza kwa nini tangu niapishwe kuwa wakili wa Kenya nimekuwa kimya, na kwa nini sikukualika uje unione siku hiyo. Una haki ya kuuliza. Barua hii nimeianza mara nne na mara zote nimeichana, safari hii nitaandika bila kurudi nyuma kusoma.

Unakumbuka nilivyofika huku. Miaka kumi na sita nimesimama mahakamani Tanga na Moshi, mahakimu wananijua kwa jina, kisha nikamfuata mume wangu Ramzi kuvuka mpaka na nikawa si kitu. Niliambiwa njia ni mbili: nirudi darasani nikafanye mtihani na watoto, au niiombe kamati Nairobi iniandikishe bila mtihani, kwa kuwa ni wakili mwenye uzoefu. Nilichagua ya pili. Walitaka cheti cha mahakama yetu kwamba sina doa, wakataka barua za mawakili wanaonijua, na hati ya kiapo kwamba sijafanya kazi ya uwakili ndani ya Kenya bila leseni. Nikapeleka vyote. Wakasema nisubiri, nikasubiri mwaka mzima, kisha nusu ya mwingine.

Kukaa nyumbani na mama mkwe kulinishinda. Wakili mmoja anaitwa Gatimu, ofisi yake iko karibu na korti, akasema nije nimsaidie makaratasi. Baba, nilimsaidia kweli. Niliandika hoja, akatia sahihi. Niliwahoji wateja wake, nikamweleza kesi asubuhi akinywa chai, na saa tatu akaenda kusema kortini niliyomwambia, siku nyingine akiyakoroga. Nilipoapishwa Tanga, Gatimu alikuwa bado anavaa kaptula ya shule. Mbele ya watu aliniita karani wake. Nilimeza, kwa sababu kazi ile ilikuwa pumzi yangu, na kwa sababu nilijua fika kwamba ndiyo ile ile niliyoapa sijaifanya.

Hapo ndipo alipokuja Mumbua. Ni mama wa miaka sitini na kitu kutoka Muthetheni, mjane. Mumewe alipokufa, shemeji yake Jeremiah alimfukuza shambani, akidai ardhi ni ya baba yao na haijawahi kugawanywa. Karatasi ya mgao haikuwepo. Kilichokuwepo ni neno la Mumbua, kwamba alikuwepo siku mzee alipowagawia wanawe, na Jeremiah mwenyewe alishika kamba ya kupimia. Gatimu alitaka kumrudisha nyumbani. Mimi nikamkalisha. Nilimwandikia kila karatasi, nikamfundisha kusimama mbele ya hakimu na kusema alichokiona bila kuongeza wala kupunguza. Hakimu akamwamini. Kesi nzima ilisimama juu ya neno lake, akarudishiwa shamba. Tangu siku hiyo akawa ananiita mwiitu, yaani binti, na kila akija mjini lazima apite kunisalimu.

Siku moja nilimwambia, katika mazungumzo tu, kwamba Nairobi wananichunguza kama mimi ni mtu mwema. Sikumwomba chochote. Yeye alikwenda kwa katibu wa kanisa lao, akaandikiwa barua, akaipeleka posta mwenyewe, na akanificha ili anifurahishe. Aliiandikisha kama anavyotoa ushuhuda kanisani, akianza na Mungu na kumalizia na mimi. Nakala yake ninayo: "Huyu mama ndiye aliandika karatasi zangu zote na akanifundisha vile nitasema kortini. Gatimu alikuwa anaweka sahihi peke yake. Mkimpatia kazi mtasaidia wajane wengi."

Kamati ikaniletea barua hiyo na kunipa siku ishirini na moja nijieleze. Gatimu aliisoma akiwa amesimama, akafunga mlango. Aliniambia kwamba mambo ni mawili tu, ama huyu mama ni mwongo, ama sisi wawili tumekwisha. Akaniachia kalamu.

Baba, wewe umewaapisha watu mahakamani miaka thelathini. Ulikuwa ukirudi nyumbani unatuambia kwamba humwogopi mwizi kama unavyomwogopa anayeinua mkono na kuapa uongo bila jasho kumtoka. Mimi halikunitoka. Niliapa kwamba Mumbua simjui zaidi ya kumfungulia mlango na kumpa kiti, kwamba sijamwandikia hata mstari mmoja, na kwamba ni mtu mzima ambaye huchanganya mambo. Maneno hayo ni yangu, Gatimu hakunisaidia hata moja. Miezi miwili baadaye nikaapishwa. Ndiyo sababu sikukualika. Nisingeweza kuinua mkono ule tena huku wewe umekaa mbele unanitazama.

Nilidhani limeishia hapo. Lakini kamati ilimpelekea Mumbua majibu, kwamba maelezo yake yamekanushwa kwa kiapo. Yeye hajui kusoma, katibu akamsomea mbele ya watu, na Muthetheni yote ikajua. Jeremiah naye akajua. Wakili wake akarudi kortini kuomba hukumu ipitiwe upya: kama mama huyu alidanganya kamati kwa maandishi, kwa nini aaminiwe juu ya shamba? Akataka Mumbua aulizwe kwa kiapo, karatasi zake aliandika nani.

Alikuja ofisini kwangu mwezi wa tano. Siku hizi nina ofisi yangu, na kibao chenye jina langu mlangoni. Nilipomwona nilidhani amekuja kunitukana, na nilikuwa nimeshajiandaa kujitetea, maana ndiyo kazi yangu. Alikaa, akauliza mume wangu yuko aje, akauliza hata habari zako, baba, kwa jina lako. Kisha akasema:

"Mwiitu, wamenielezea. Nikisema ni wewe uliandika, watakunyang'anya kazi. Nikisema si wewe, mimi ni mwongo na shamba inaenda. Mimi niko na miaka sitini na sita. Hiyo shamba nitalima mpaka lini? Andika vile itakufaa, mimi nitaweka kidole."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nataka ulijue hilo vizuri, usije ukanitafutia udhuru kama baba. Hakukuwa na mtu mwingine ofisini, hakuna aliyenisukuma, na simu haikulia. Nilivuta karatasi nikaandika. Niliandika kwamba yeye, Mumbua, mjane wa Ndambuki, anakiri kuwa barua aliyoipeleka Nairobi haikuwa ya kweli, na kwamba Layla binti Ramadhan hakumwandikia chochote. Niliandika vizuri, baba, maana najua kuandika. Nikamsomea polepole. Aliniuliza neno moja tu, kama "anakiri" maana yake ni kwamba hakulazimishwa. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi ni kweli. Nikampeleka kwa kamishna wa viapo ng'ambo ya barabara, akaweka kidole, akajifuta wino kwa pindo la leso yake.

Hukumu imetoka wiki iliyopita. Hakimu amesema shahidi aliyekiri kudanganya mahali pamoja hawezi kuaminiwa pengine, na shamba amepewa Jeremiah. Mumbua anahamia Athi River kwa bintiye Kalekye, anayeshona nguo kiwandani na kukaa chumba kimoja na watoto watatu. Jumatatu alipita kuniaga. Aliniletea mbaazi debe zima, za mavuno ya mwisho ya shamba lile, akasema asante kwa vile nilihangaika naye. Asante, baba. Nilizipokea. Ramzi ananiuliza kila jioni kwa nini hatuzipiki, na mimi namwambia zina wadudu.

Umeniomba nakala ya cheti uitundike sebuleni. Situmi, na sasa unajua kwa nini. Ningependa kukuambia kwamba nitairudisha leseni na kwenda kwa hakimu kusema kweli. Nimekaa na sentensi hiyo tangu asubuhi. Lakini kesho saa tatu nina kesi, wiki ijayo nina nyingine, na nikikuandikia kwamba nitairudisha, hicho kitakuwa kiapo cha tatu cha uongo nilichokiandika kwa mkono wangu, baada ya changu na cha Mumbua.

Nisalimie dada Mwanaasha na wanawe, na majirani wote wanaoniulizia. Ukiwaambia kwamba nimekuwa wakili huku, hujasema uongo. Jilinde na baridi ya alfajiri unapokwenda msikitini, na dawa ya macho itie.

Mimi bintiyo,
Layla