Nilichofuta Kabla ya Kuokoa

Jumamosi. Mvua imepiga Juba tangu alfajiri na njia za mtaa wetu wa Atlabara zimegeuka uji. Nimejifungia ndani, na si kwa sababu ya matope. Naona aibu.

Majuzi kampuni ya barua pepe ilitangaza kwamba makundi ya mjadala yaliyolala yataondolewa mtandaoni. Letu lilikuwemo: lile kundi la barua pepe tulilofungua Kampala enzi za ukimbizi, tukipeana habari za nyumbani, misiba na ubishi usioisha. Msimamizi pekee aliyekumbuka nywila ni mimi. Nikajitolea kupakua kila kitu kabla hakijapotea. Watu wakanimwagia sifa, nami kichwa kikavimba.

Kumbe nilikuwa na yangu.

Kabla ya kupakua nilitafuta jina langu kwanza. Nikakutana na mjadala nilioanzisha mwenyewe, nikiwaita wajinga wote waliokuwa wanarudi Juba mapema. Niliandika kwamba wanapeleka watoto kaburini kwa ajili ya bendera. Leo naishi Juba, nakula Juba, na kanisani nasimama mbele kuhimiza vijana waipende nchi. Nikabonyeza futa. Mjadala ukifutwa unaondoka na majibu yake yote. Nilijua hivyo, na bado nilibonyeza. Yaliyobaki nikayapakua, kundi likafungwa.

Leo asubuhi akaja Keji kutoka mtaa wa Malakia, viatu mkononi. Ni binti wa marehemu Lado, rafiki yangu wa kundi lile. Baba yake alifariki yeye hajaanza hata shule, na sauti yake haikumbuki. Tukalitafuta jina la Lado kwenye kompyuta yangu. Zikatoka barua fupi fupi: "Amina", "Poleni kwa msiba", na moja ya kuulizia mabati.

"Anko, iko hii tu?" akauliza. "Mama anasema baba aliandika moja refu sana, ya kwa nini alituleta nyumbani."

Nikamwambia kampuni imefuta.

"Wallahi, hawa watu hawana roho." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa kuokoa hata hizo chache.

Nimejichukia.

Ile ndefu Lado alikuwa ananijibu mimi. Hakunitukana. Niliisoma kabla ya kuifuta, na bado ninayo kichwani: "Ndugu yangu, huenda uko sahihi. Mimi pia naogopa. Lakini Keji ameniuliza kwetu ni wapi, nikanyoosha kidole kaskazini. Sitaki akue akijua kwao ni kidole cha baba tu."

Hakuna mwingine aliyebaki na maneno hayo. Na siwezi kumpa Keji bila kumwambia baba yake alikuwa anamjibu nani, na nani aliyeyafuta.

Kesho baada ya misa nakwenda Malakia. Nitaanza na matusi yangu, neno kwa neno, mama yake akiwa amekaa pale pale. Wasiponifukuza, nitawaambia Lado alisema nini.