Spana Namba Kumi

Nyumba za Kikosi, Mlango wa 14
Tarehe 9 Juni

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha. Sisi hatujambo. Mama bado anashona ovaroli za marubani, nami bado nazipeleka kila nikitoka shule. Mwalimu alitufundisha kwamba barua njema haifichi kitu, kwa hiyo naapa kukuambia yote leo, hata lile ambalo ningependa kulikalia kimya.

Tangu uhamie uwanja wa ndege wa mbele vitani, hapa hakuna anayemwamini mwenzake. Unaukumbuka ule ubao wa karakana, ambao kila spana imechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu, ili ikikosekana ionekane mara moja? Asubuhi ya safari yenu umbo la namba kumi lilikutwa tupu. Helikopta yenu ikazuiwa kuruka, maana spana iliyosahaulika ndani ya injini huangusha chombo bila adui kufyatua hata risasi moja. Mafundi walifungua sakafu na vifuniko vyote kwa siku mbili, wasiione, mpaka mkaondoka kwa helikopta nyingine.

Maneno hayakuondoka nanyi. Mafundi hawanywi tena chai pamoja, na kila mmoja kafunga sanduku lake kwa kufuli. Mlinzi wa lango, yule aliyekuwa akinitania kwamba nikiwa rubani nimpandishe bure, sasa anapekua kikapu changu mpaka kwenye mikunjo ya nguo. Juzi nilimwambia humo hamna bomu, ni vifungo tu. Hakucheka.

Anayeshukiwa zaidi ni fundi mkaguzi, yule mliyempachika jina la Mzee Nukta kwa kuwa hasaini kitu mpaka akikague nukta kwa nukta. Ubao ule ulikuwa chini ya sahihi yake. Mpishi wa bwalo anasema alimwona akizungumza na mtu nje ya uzio. Dereva wa gari la mafuta anaapa kwamba mzee kauza siri. Hata Mama, asiyependa kusengenya, alisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wiki iliyopita mzee alinyang'anywa kalamu na muhuri, akafungiwa chumba cha walinzi. Mkewe alipokuja bombani, wanawake walichukua ndoo zao wakaondoka, hata zile zilizokuwa nusu.

Nawe katika barua yako ya mwisho uliandika kwamba hutapanda tena chombo alichokigusa mzee yule, na kwamba akirudi kazini utakagua injini mwenyewe. Nilisoma mara tatu. Kaka, wewe ni rubani, si fundi. Hapo nikaona maji yamezidi unga.

Spana ninayo mimi.

Jioni ya kuamkia safari yenu nilipeleka ovaroli chumba cha marubani, nikaona vigingi viwili vya kofia vikiwa vitupu, vya wale waliokwenda wiki iliyotangulia wasirudi. Kigingi kilichofuata kilikuwa chako. Nilipopita karakana mafundi walikuwa wananawa mikono. Nikaichomoa ubaoni, nikaisokomeza ndani ya ovaroli chafu. Sheria ya ubao naijua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilitaka uchelewe siku moja tu. Sikufikiri kwamba kule mbele majeruhi walikuwa wakiwangojea, wala kwamba lazima apatikane mtu wa kubebeshwa lawama. Sasa imo ndani ya kikebe changu cha kompasi, na kila mwalimu akituambia tufungue vikebe, husingizia nimekisahau nyumbani.

Kesho kabla ya kengele ya shule nitaipeleka kwa mkuu wa kikosi kwa mkono wangu. Nimemwambia Mama jioni hii. Alilia, kisha akanipigia pasi sare, akasema tutakwenda wote. Huenda tukatolewa katika nyumba hii, nawe ukachekwa na wenzako. Nisamehe.

Mama anakusalimu sana, anasema usiache kuvaa fulana nzito. Nami nakuombea kila safari iwe na marejeo.

Ni mimi mdogo wako wa pekee.

Tafadhali nijibu kwa gari la kwanza la posta: Mzee Nukta akirudishiwa kalamu yake, utapanda helikopta aliyoitia sahihi?