Uso wa Mbwa wa Pembe

Mjukuu wangu Chizuru,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kinyago cha pembe ya ndovu kikilika kimeharibika. Usimpeleke yule mbwa mdogo kwa fundi achongwe uso upya. Babu wa babu yako alimvaa mkandani kuning'iniza mfuko wa tumbaku, lakini pua ile imefutwa na viganja vya wanawake wa nyumba hii. Mbwa huzaa kwa wepesi, ndiyo maana tunamshika uchungu ukianza. Siku uliyozaliwa, mama yako alimbana huku akinifokea, "Mama, mbwa wako amelala!" Nikamjibu, "Basi mng'ate aamke!" Akacheka, nawe ukatoka.

Hapa Kanazawa theluji imeyeyuka, na paka wa jirani bado ananiibia samaki.

Mumeo ameniambia mimba imetimiza miezi mitano na hutaki kufunga mkanda wa tumbo, ule tunaoufunga mwezi huu kumwombea mtoto azaliwe salama, kwa kuwa mwaka jana uliufunga na mtoto hakukaa. Mpenzi wangu, hukumkosea yule mtoto kwa lolote. Huyu naye anastahili kukaribishwa, hata ukiwa na hofu.

Posta ikienda vizuri, unasoma haya Siku ya Mbwa ya kalenda yetu ya zamani, siku ya kufunga mkanda. Uufunge leo.

Bibi yako,
Fumie