Bis ya bagonjwa

Siku ya ine, mangaribi

Sauti ya mama Ngoie ingali mu kichwa yangu.

Leo nilienda ku njia ya Kasomeno kuuliza bantu kama bis, motoka kubwa ya kupeleka bagonjwa ku dispansere, ile nililomba kule Kinshasa ku Conseil, kule tunapitisha sheria, mwaka muzima, inabasaidia. Motoka yangu niliiacha ku nyumba. Nilipanda bis yenyewe, pamoja na banamuke ba animation, benye kuimbia na kuchezea Parti, na ngoma zabo, juu bantu baone commissaire du peuple, mujumbe wabo, ni muntu kama bo. Nilijipenda kidogo.

Kwa mkutano nikauliza: bis inatembea muzuri? Bakapiga makofi. Nikauliza tena, makofi tena. Ilinikasirisha, hapana hata mumoja wa kunijibu.

Wakati wa kurudia, mama Ngoie, mwenye kuzalisha banamuke pale, akanishika mukono pole pole.

"Citoyen, bis inatembeaka muzuri. Inabebaka bagonjwa betu siku ya ine." Akaangalia ngoma ndani ya bis. "Leo ni siku ya ine."

Nyuma yake mwanamuke wa mimba aliikala ku mukeka, anangoya tangu asubui. Tulimupandisha katikati ya ngoma, tukamufikisha ku dispansere. Njia muzima ule wa mimba hakuniangalia. Bagonjwa bengine balisharudi kwabo, kutembea na mikulu.

Kesho ni zamu ya bagonjwa ba njia ya Kasumbalesa. Kesho tena niko na mkutano kule. Nikienda bila animation, ku Parti bataniuliza juu ya nini.

Bis iko ku mulango wangu, ngoma ziko ndani. Shofere ananingoya nimwambie kama ashushe ngoma ao aziache ya kesho.